Homa Niliyoiandika Mimi

Mama wa mkoba wa buluu amekufa. Niliambiwa kwa simu nikiwa kwa kinyozi hapa mjini Machakos, kichwa kimenyolewa upande mmoja, na aliyepiga akaongeza, kana kwamba ananifariji, kuwa ni homa tu iliyomwondoa. Homa tu! Ninyi wasomaji mnaonijua kwa ukali wangu dhidi ya Kiswahili kibovu, leo kaeni niwaambie ukali huo umezaa nini. Marehemu alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea kule Masinga. Mkobani mwake mlikuwa na vipimo na dawa za malaria. Alikuja mpaka nyumbani kwako, akakuchoma kidole, akasoma jibu na kukupa dawa, nawe hukuhitaji kutafuta pikipiki ya kukufikisha kwenye zahanati iliyo mbali.

Tulijuana katika kikao cha kuandaa bango la malaria. Mimi niliitwa kunyoosha lugha, nikafika na kalamu nyekundu na kiburi changu chote. Niliandika: "Mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo. Pigia zahanati simu." Safi kabisa, nikajisifu. Mama akainua mkono. "Samahani, mwalimu. Huku kwetu homa ni ile ya kupiga chafya. Mtu akishikwa na malaria anasema ako na ndetema, ama mwili iko moto. Ukiandika homa, watu wa mafua ndio watakuja, na wagonjwa wabaki kwa nyumba." Sasa sikieni nilivyomjibu mwanamke aliyesafiri kutoka Masinga ili anizuie kukosea. "Mama," nilisema, "kwanza, mwili hauwi 'iko'. Pili, Kiswahili hakitungwi kisimani." Ukumbi mzima ukacheka. Naye alicheka kidogo, akaketi, akaanza kufunga mkoba ambao haukuwa umefunguka.

Miezi kadhaa baadaye nilipita Masinga kwa shughuli zangu. Ukutani mwa duka nikaliona bango langu, neno homa limekatwa kwa kalamu na juu yake pameandikwa "mwili moto, ndetema". Duka la pili, hivyo hivyo. Kanisani, hivyo hivyo. Nilimkuta sokoni, mkoba begani. "Nimekusahihisha, mwalimu," akasema akitabasamu. "Usikasirike. Sasa wanakuja kweli. Kuna mama ameleta watoto wawili jana, wote walikuwa nayo, na saa hii wanacheza." Mtu mwenye akili angempa mkono. Mimi nilikasirika. Nilirudi mjini nikawashtakia waliochapisha kwamba kazi yangu imechafuliwa. Mama wa watu akaonywa, akapewa mabango mapya, akaagizwa ayabandike mwenyewe, na moja alitundike sebuleni kwake liwe mfano kwa wengine. Alitii, kwa sababu asingetii angenyang'anywa mkoba.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mumewe siku ya mazishi, mzee mpole anayefuga mbuzi. Mkewe alianza kutetemeka siku ya Alhamisi. Mkoba ulikuwa mtupu, dawa ya mwisho alikuwa amempa mtoto wa jirani, na nyingine zilikuwa hazijaletwa. Kufikia Ijumaa alikuwa akiweweseka, hawezi kueleza chochote. Mzee akashika simu, akasimama mbele ya bango. "Nilitaka kusema mwili iko moto," akaniambia, "lakini nikakumbuka vile walimcheka huko mjini. Nikaona heri niseme vile imeandikwa, wasinicheke na mimi." Akamwambia muuguzi kwamba mke wake ana homa. Naye muuguzi, mzaliwa wa kule kule Masinga, akasikia kile ambacho kila mtu wa kule husikia: mafua. "Homa tu, mzee? Mpatie chai iko na tangawizi na limau, apumzike. Huku tumejaa." Mzee akachemsha chai. Aliichemsha Ijumaa, akaichemsha Jumamosi. Jumapili, waumini wakiwa bado kanisani, mkewe akakata roho.

Kaburini alisimama kiongozi mmoja, akakohoa, akasoma kwa Kiswahili cha kupendeza kwamba marehemu ameaga dunia baada ya kuugua homa kwa muda mfupi. Nyuma yangu wanawake wakanong'onezana, "Aii, homa inaua mtu?" Nami, bingwa wa lugha, nilikuwa nikitazama viatu vyangu. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Hawakusema kwamba mguu utakaoota tende unaweza kuwa wa mtu mwingine.

Tulipokuwa tukitoka, mzee alinishika mkono. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mwalimu," akauliza, "nilisoma vibaya?" Nikamwambia hapana, alisoma sawasawa. Ninayoyajua sasa nawapa bure ninyi mnaopeleka dawa vijijini na ninyi mnaoandika mabango yake: kabla ya kumfundisha mgonjwa jina la ugonjwa wake, muulize yeye anauitaje. Mimi sikuhitaji hata kuuliza. Niliambiwa mbele ya watu, nikacheka.