Kadi ya Jeshi ya Mwanangu wa Kwanza

Mimi si mtu wa vioja. Jirani yangu aliponiambia ana jini kwenye ngazi, nilimshauri apulize dawa ya mende. Kwa hiyo nikisema barua zile zilinitisha, naomba niaminiwe.

Ya kwanza niliikuta kwenye sanduku la posta la marehemu mume wangu, ambalo sijalifunga kwa ukaidi wangu tu. Ilitoka Marekani. Bahasha ilikuwa na jina la mwanangu, la baba yake na la babu yake, nikampa aifungue huku naendesha gari kurudi nyumbani Bawshar, hapa Maskati. Akanisomea: kila mwanamume aliye raia wa Marekani akitimiza miaka kumi na minane lazima ajiandikishe kwa ajili ya jeshi, ili vita ikizuka serikali ijue pa kumpata. Mwanangu alikuwa na miaka kumi na sita, na tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa mle haikuwa yake.

"Mama, mie nimezaliwa hapa hapa Maskati. Huyu nani huyu?"

"Wamekosea tarehe hao," nikasema. "Khalas, itupe."

Nilisema uongo mchana kweupe, bila kupepesa macho.

Mume wangu alipokuwa akisoma Marekani tulijaliwa mtoto wa kiume kule kule, akaandikwa raia wao. Tulirudi naye, na homa ya siku mbili ikamchukua akiwa na miezi tisa. Wanaume walikwenda kumzika, mimi nikabaki ndani. Aliyemfuata tukampa jina lile lile, kama wazee wetu walivyozoea Unguja, na hatukumwambia. Niliona ni kumtia mtoto hofu ya bure. Marekani nako hatukupeleka habari. Mume wangu alisema tutawaandikia, na hatukuandika.

Basi kule kwao mwanangu yule wa kwanza aliendelea kukua. Hilo ndilo lililonitoa jasho ndani ya gari na kiyoyozi kinapuliza. Mimi nilimwacha na miezi tisa, na miaka yote hiyo watu wasiomjua walikuwa wamekaa wanamhesabia umri.

Tangu siku ile, kila nikiliita jina lile pale ngazini, palikuwa na kimya kidogo kabla ya kuitikiwa, kama vile huko juu wawili wanatazamana nani aitike. Kabla ya Idi nikapeleka kanzu ya zamani ya mwanangu kwa fundi nguo wa Darsait iwe kipimo cha mpya. Hiyo mpya ilipokuja ilizidi urefu shibiri nzima. Nikamgombeza. Fundi akaapa kwamba kijana wangu alikuja mwenyewe akapimwa. Mwanangu hakuwa amekanyaga kule. Nilitaka kuirudisha, nikashindwa. Nikaitundika kabatini.

Barua ya pili ilikuwa kali. Asiyejiandikisha anaweza kushitakiwa, kutozwa faini kubwa, kufungwa jela. Atafungiwa kazi za serikali. Na akishapita miaka ishirini na sita hawezi tena kujirekebisha. Chini palikuwa na fomu iliyokwisha kujazwa, inangoja sahihi tu. Nikaisukuma ndani ya droo ya jikoni, chini ya vitambaa vya meza.

Miezi miwili baadaye ikaja kadi, ikiwa na shukrani, nambari ya usajili, na jina.

Nikamwonyesha mwanangu. Akakitua kikombe chake cha chai.

"Niliikuta kwenye droo, nikatia sahihi nikaipeleka posta. Mama, mie nnataka kwenda kusoma alikosoma baba. Niliogopa watanikamata uwanja wa ndege kwa sababu ya tarehe yao waliyokosea."

Fomu ile ilisema wazi kuwa anayethibitisha uongo naye ana kesi yake. Uongo ulikuwa wangu, na sahihi ilikuwa yake. Nikamwambia yote, palepale jikoni.

Alivuta kiti akakaa. Halafu akauliza, "Kazikwa wapi?"

Sikujua. Makaburi yetu ni mawe tu, hayaandikwi majina, na aliyejua jiwe ni lipi ni baba yake, naye kazikwa huko huko.

"Kwa hivyo nimemwandikisha kaka'angu jeshini," akasema. Akaanza kucheka, na kicheko hakikufika mwisho.

Njia ilikuwa moja: niwaandikie, nieleze kosa, nitie na cheti cha kifo. La sivyo masomo ya huyu aliye hai yangeingia mashakani. Kalamu ninayo, cheti kipo kwenye faili la baba yake, na bado nilizunguka nyumba siku tatu nikifuta vumbi lisilokuwepo. Naona haya kusema, lakini niliipenda kadi ile. Mtoto yule hakupata daftari la shule wala leseni ya gari. Hii ilikuwa karatasi ya kwanza kumtaja kuwa ni mwanamume, na mimi ndiye nitakayewaambia waifute.

Nyuma ya kadi waliandika kuwa sheria inamtaka awajulishe akihama. Nikaanzia hapo. Nikaandika kwa Kiswahili, mwanangu apate kutafsiri, kwamba amehama, alihama akiwa na miezi tisa, na tunaomba radhi kwa kuchelewa kuwajulisha.

Mwanangu akasoma, akanirudishia taratibu. "Mama, hawatofahamu. Andika amekufa."

Sikuwahi kuliandika neno hilo na jina lile mstari mmoja. Nikaandika.

Majibu yalichukua wiki nyingi. Jina limefutwa, na kosa la sahihi wamelielewa, hakuna kesi. Nikasimama chini ya ngazi nikamwita mwanangu aje anisomee tena, nisikie kwa masikio yangu. Akaitika papo hapo, pasi na kile kimya.

Nikabaki nimesimama, nasubiri. Kisha nikakaa kwenye ngazi nikalia.