Mizani ya Ukunjufu

Nilifundisha fizikia maisha yangu yote ya kazi, na jambo lisilopimika nimezoea kuliita uvumi. Kwa hiyo mjukuu wangu wa kike, anayesomea saikolojia chuo kikuu, aliporudi hapa Bariadi na kutangaza mezani kwamba amekuja kupima haiba za watu, niliweka kikombe chini.

"Utapimaje kitu usichokiona?"

"Kwani joto unaliona, guku?"

Guku ni babu kwa Kisukuma, naye huniita hivyo anapotaka kunishinda kwa adabu. Joto kweli hatulioni. Tunaona zebaki ikipanda. Nikamwambia aendelee.

Alieleza kwa mpangilio ulionifurahisha. Sifa ya haiba si tendo moja. Mtu akifoka siku moja kituoni Dutwa, hatujui bado kama ni mkali. Huenda basi limemwacha. Wanasaikolojia huita sifa ule mwelekeo wa kufikiri, kuhisi na kutenda unaojirudia mahali pengi na kwa muda mrefu. Wala watu hawagawanywi makundi mawili, wakunjufu huku na wapweke kule. Kila mtu anacho kiasi chake, kama kimo. Ndiyo maana hawaulizi swali moja kubwa, bali madogo mengi yanayozunguka jambo lilelile, kisha hujumlisha majibu. Wakitaka uhakika zaidi, huwauliza pia wanaomfahamu mhusika.

"Huo si umbeya?"

"Umbeya haumuulizi kila mtu swali lilelile, tena faraghani."

Nilianza kuipenda elimu hiyo.

Sifa aliyoichagua ilikuwa ukunjufu, na hojaji yake aliitafsiri mwenyewe kutoka ya kigeni. Msimamizi wake alimpa sharti: aijaribu kwanza kwa watu wachache. Ikipima kweli, aende nayo vijijini; isipopima, aanze utafiti mwingine, na mwaka wake mzima upotee. Akaanza na wazee na vijana wa mtaa wetu.

Jioni nilimkuta amezipanga karatasi zake upya mezani. Mimi nilikuwa wa chini kabisa, jambo ambalo halikumshangaza yeyote nyumbani. Lakini aliyenifuata kwa karibu ni jirani yangu mfugaji, mzee asiyeweza kununua chumvi bila kulichekesha duka zima. Wazee wote walikuwa chini. Vijana wote juu.

"Labda uzee huwanyamazisha watu," alisema, mwenyewe haamini.

"Usikisie. Twende tukamuulize."

Jirani alikuwa akinywesha ng'ombe. Mjukuu wangu akapiga goti, akaamkia, kisha akamsomea: "'Nikikutana na nisiyemfahamu, mimi ndiye huanza kumsalimu.' Ulijibu si kweli kabisa."

"Si kweli kabisa. Mayu, mama yangu, mimi nimwamkie mtoto? Ataanza yeye, 'mwadila', kama ulivyofanya wewe sasa hivi. Halafu hapo nitampigia soga, hataondoka mpaka ng'ombe warudi zizini."

"Na hili: 'Mkutanoni huwa wa kwanza kuzungumza'?"

"Mzee husema mwisho. Akitangulia yeye, nani atathubutu kumfuatia? Huyu guku wako alikuwa anafundisha nini huko shuleni?"

Nilikuwa nimekwisha kugeuka kuelekea nyumbani, na shauku ile ya siku za maabara, sindano ya kipimo inapoanza kucheza. Tulirudi karibu tukikimbia. Njiani nilimwambia mjukuu wangu afikirie mizani ya pamba. Ukipima gunia moja mara tatu na kupata uzito uleule, mizani ni thabiti. Lakini kama jiwe limefungwa chini yake, inakosea kwa uthabiti huohuo.

"Na jiwe langu ni umri," alisema, akasimama katikati ya njia. "Guku, nilikuwa napima umri!"

Kazi ya kulifungua jiwe hilo ilitupa furaha ambayo sikuitazamia tena katika uzee wangu. Tulibishana juu ya kila neno. Badala ya kuanza salamu, tuliandika: "Salamu zikiisha, hupenda kuendeleza mazungumzo." Tukaongeza: "Mimi huenda kwa jirani hata kama sina shida ya kumpelekea."

"Guku, hii ni kazi yangu."

"Basi futa hiyo koma."

Akawauliza watu walewale upya, na safari hii akawauliza na wenzi wao, kila mmoja peke yake. Mke wangu alijibu chumbani, na kicheko chake kilifika hadi uani.

Jirani alipanda juu ya vijana wote. Kijana mmoja mkimya, aliyebebwa na salamu za adabu, alishuka. Mimi sikusogea.

"Na bibi amekuweka chini kuliko ulivyojiweka mwenyewe," aliniambia kwa tahadhari.

"Alielewa maswali?"

"Niliyasoma mara mbili."

"Basi kipimo ni kizuri. Mpelekee msimamizi wako."

Msimamizi alikubali, na binti akapanda basi la Dutwa na bunda la hojaji mapajani. Kesho yake jirani alikuja kwangu bila shida yoyote, kama swali letu lilivyosema. Nilimpa kiti. Salamu zilipokwisha, nikamweleza habari ya mizani ya pamba tangu mwanzo, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, alikosa nafasi ya kusema.