Boksi la wufa limepata wapangaji

Leo nimefukuzwa kwangu na boksi nililotengeneza kwa mikono yangu.

Tangu mke wangu afariki, nyumba iko kimya mno. Nikasema nijitengenezee wufa, ile spika kubwa ya besi. Mbao nikakata, spika nikafunga, tundu la hewa nikatoboa mbele.

Gundi ikaisha. Nyufa nikaziba na nta ya nyuki. Nikajiona nina akili kweli.

Nikaliacha nyuma ya nyumba, nikaenda kibarua kijiji cha Wema siku nne.

Leo mchana nimerudi, nikaita majirani waje wasikie. Shemeji, dada ya marehemu, akaja pia. Mdomo wake mnaujua.

Nikaunganisha waya. Likaanza: nguuuuu.

"Sikieni besi hiyo!" nikawaambia.

Shemeji akaniangalia. "Besi gani, shemeji? Hata hujawasha."

Kweli. Sijawasha.

Kwa aibu nikawasha, sauti yote. Boksi likapiga DU! mara moja tu.

Nyuki wakamwagika kwa lile tundu. Majirani sikuwaona tena. Mimi nimeumwa sikio na mdomo.

Shemeji kajifungia chooni, anapiga kelele huko ndani: "Wewe mtoto wa mfuga nyuki! Baba yako alikuwa anapaka nini kwa mizinga ndio nyuki waje?"

Nta jamani. Alikuwa anapaka nta.

Baadaye Shemeji katoka mbio akaenda kwake, amesema atarudi. Anafuata asali, si mimi.

Nimezima, nimekaa mlangoni na mdomo umevimba. Huko nyuma nasikia nguuuu, polepole.

Nyumba haiko kimya tena.

Wewe ungewatoa?