Tunazo, Tunakosa

Nilipoanza kazi kwenye dirisha la dawa la kituo chetu cha afya, kule Jogoo Road upande wa Mbotela, nilikuta neno ninalolitumia kuliko yote ni "hakuna." Chuoni nilikuwa nimefundishwa jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini, zipi hazipatani, zipi zinataka baridi. Hakuna aliyenifundisha namna ya kumwambia mama aliyepanga foleni tangu asubuhi, mtoto mgongoni, kwamba dawa yake imeisha na sijui itakuja lini.

Dawa zetu zililetwa kwa lori kila baada ya miezi kadhaa, na mara nyingi hazikufika kama tulivyoagiza. Tuliomba kitu kingi tukapewa kidogo. Tuliomba kidogo cha kingine, stoo ikajaa mpaka tukawa tunapita upandeupande. Mwaka ule tulikuwa na makatoni ya krimu ya majeraha ya moto kiasi kwamba mfagizi alikuwa akiyakalia akinywa chai.

Msimamizi wa kituo alikuwa nesi wa makamo, mwenyeji wa Ukambani, aliyekuwa akikaribia kustaafu. Wote tulimwita Sista, na wagonjwa pia. Alikuwa na sauti ya chini na hakupenda kurudia jambo. Ufunguo wa stoo aliutundika shingoni pamoja na kitambulisho chake.

Siku moja mfamasia anayesimamia vituo vya eneo letu alitutembelea na habari ya jukwaa la mtandaoni. Vituo vyote vya eneo hilo vingeingia humo, kila kimoja na ukurasa wake wenye sehemu mbili. Upande mmoja umeandikwa "Tunazo," yaani dawa tulizo nazo za ziada. Upande wa pili "Tunakosa." Kituo kikihitaji kitu, kingeona ni nani anacho, kingeomba, na mfamasia angeidhinisha dawa zihamishwe, yote hapohapo kwenye skrini, bila mtu kupanda ngazi za ofisi. Kulikuwa pia na mahali pa kuongea, ambapo watu wa stoo wangeulizana mambo ya kazi.

Mimi nilifurahi. Sista alimsikiliza mgeni hadi mwisho, akamshukuru, akamsindikiza mpaka langoni. Aliporudi alinikuta tayari nimefungua ukurasa wetu.

"Kwenye 'Tunakosa' andika," aliniambia. "Kwenye 'Tunazo' usiweke kitu."

"Na hii krimu yote, Sista?"

"Mwanangu, ukitangaza ulicho nacho, watakuja na mifuko. Niliwahi kukopesha kituo kingine dawa za malaria, wakaapa kurudisha. Mvua iliponyesha nilikuwa narudisha watoto nyumbani mikono mitupu. Kituo hicho hakikunirudishia hata kidonge."

Sikubishana naye. Aliyeumwa na jambo ana haki ya kuliogopa, na watoto aliowarudisha hakuwa amewasahau. Niliandika tunachokosa, upande wa pili nikauacha mweupe.

Jukwaa lenyewe lilichangamka. Asubuhi nikifungua simu nilikuta watu wameshaulizana: friji imezimika, chanjo tuzipeleke wapi, dawa hii ya maji ikichanganywa inakaa siku ngapi. Tulikuwa na vikao vya kuonana kwa video pia, nyuso zetu zimepangwa kama madirisha ya fleti. Mmoja alikaa katikati ya maboksi, mwingine kwenye ngazi kwa sababu ndipo mtandao ulipofika, na kwa mwingine jogoo aliwika kila alipotaka kusema.

Kulikuwa na mmoja ambaye hatukumwona kamwe. Alikuwa mtu wa dawa kwenye kliniki ndogo ya Industrial Area, inayohudumia hasa vibarua wa viwandani. Picha yake ilikuwa ua la waridi, na kwenye vikao hakufungua kamera wala maikrofoni, alituandikia tu kwamba kelele za mashine hazimruhusu. Lakini alikuwa mwepesi wa kujibu na mkali wa kusahihisha. Ukiandika jina la dawa vibaya, alikurekebisha kabla hujaweka simu chini. Tulimwita dada. "Asante dada," "Dada wa Industrial, saidia hapa." Hakutukatalia.

Siku moja aliandika mbele ya wote: "Kituo cha upande wa Mbotela, upande wenu wa 'Tunazo' mbona mweupe tangu tuanze? Hamna hata panado?"

Watu wakaweka vicheko. Nilimwonyesha Sista. Alisoma akiwa ameishika simu mbali na macho, akanirudishia.

"Ana mdomo huyo," alisema, akaendelea na wagonjwa wake.

Wiki zile ndipo vidonge vya kifafa vilipokwisha. Kati ya waliovitegemea kulikuwa na fundi mmoja wa Kariokor, mtu wa makamo, anayeshona akala, viatu vya mpira wa tairi. Dawa zake zilichukuliwa na mkewe, mwanamke mchangamfu mwenyeji wa Murang'a aliyeuza mikoba ya ngozi kibanda cha pili kutoka kwa mumewe. Nilikuwa nimewafahamu kupitia dirisha. Alikuwa akiniambia mume yuko salama, hajaanguka tangu Krismasi, kisha ananitania kwamba nitafute mume mwenye kazi ya kukaa chini, hachoki haraka.

Nilimwambia dawa hazijafika, akaenda. Akarudi baada ya siku chache, nikamwambia vilevile. Alikuwa amezunguka kemisti za mjini, lakini akakuta aina nyingine, na daktari wa hospitali kubwa alikuwa amewakataza kubadilisha aina ovyo. Mara ya tatu hakunitania. Aliinama karibu na tundu la dirisha ili walio nyuma wasisikie.

"Daktari, ameanguka kibandani jana. Alikuwa anakata tairi."

"Amejikata?"

"Kidogo, kwenye mkono. Sasa kile kisu nimemchukulia, kiko kwangu chini ya mikoba. Amekaa tu anapaka gundi kazi za wenzake." Aligeuka kuangalia foleni. "Hasemi na mtu. Hata mimi hasemi na mimi."

Nilimwomba aje ndani, nikamwita Sista. Sista alimkalisha, akamuuliza jinsi mumewe alivyoanguka, ilichukua muda gani, na kama alipoamka alimtambua. Akamweleza namna ya kumlaza kwa ubavu asisongwe na mate, akamtaka amlete siku hiyohiyo tumfunge lile jeraha. Yule mama alipotoka, Sista alibaki ameshika kiti alichokuwa amekikalia mama huyo.

"Andika huko kwenu," aliniambia. Jukwaa bado aliliita "huko kwenu."

Niliandika jina la dawa, nguvu yake na aina yake, nikaongeza kwamba kuna mgonjwa aliyeanza kuanguka tena akiwa kazini na kisu mkononi. Sikuandika jina lake wala anakofanyia kazi. Kisha nikarudi dirishani nikijiambia nisiangalie simu, na nikaiangalia kati ya kila mgonjwa na mwingine.

Jibu lilitoka kwa lile ua la waridi. "Aina hiyo ninayo. Mgonjwa wangu aliyeitumia alihamia kwao Kitui. Zinawatosha wagonjwa wenu mpaka lori lije. Mfamasia akiidhinisha, njooni mchukue."

Sista alisoma, akasoma tena. "Hajauliza tutampa nini?"

"Hajauliza."

"Na vile alivyotusema juzi."

Idhini ilikuja kabla ya chakula cha mchana. Nilifikiri nitatumwa peke yangu, lakini Sista alivua koti jeupe, akavaa sweta, tukaondoka pamoja. Tulivuka reli kwa miguu pamoja na watu waliokuwa wakirudi viwandani, tukapita magodauni na wauza githeri, mpaka kwenye geti la chuma ambapo mlinzi alituelekeza kwenye chumba cha pembeni.

Aliyetufungulia alikuwa mwanamume mrefu, mnene, ndevu zimeanza mvi, na sauti kama ya mtu anayeita abiria.

"Tumemfuata dada wa dawa," nilimwambia.

"Dada ni mimi."

Sista, ambaye sikuwahi kumwona akicheka kazini, alishika fremu ya mlango akacheka mpaka akatoa kitambaa. Yule bwana naye akacheka. Alisema lile waridi ni la mama yake, alilipanda kwenye mkebe wa mafuta mlangoni kwao Makadara, naye akalipiga picha siku mama alipolazwa hospitalini. Tulipoanza kumwita dada aliona watu wanamwongelesha kwa upole, akaona ataharibu akitoa sauti.

Alikuwa ameshatufungia vidonge. Wakati Sista akitia sahihi, kijana mmoja kibarua aliingia ameshika mkono wake juu, umeungua kutoka kifundo hadi kiwiko. Mwenyeji wetu alimkalisha, akausafisha kwa maji, akafunika kwa shashi yenye mafuta. Alifanya vizuri na bila haraka. Alipomaliza alituambia, kama mtu anayeongea na nafsi yake, kwamba krimu ya moto ilikwisha zamani, na hapa watu huungua kila wiki.

Nilimtazama Sista. Yeye alikuwa akimtazama yule kibarua.

"Hujaandika kwenye 'Tunakosa,'" Sista alimwambia.

"Niliandika siku za mwanzo. Hakuna aliyekuwa nayo, nikaifuta."

Njiani kurudi tulivuka reli tena. Kisha Sista akaniuliza kama simu yangu ina bando. Tulisimama kando ya ukuta, akaomba nimfungulie ukurasa wetu, akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, polepole, akiniuliza herufi iliko. Chini ya "Tunazo" aliandika krimu. Aliandika pia glavu, na chumvi za maji kwa wanaoharisha, na vitu vingine ambavyo nilikuwa sijui tunavyo. Kesho yake alimpelekea mwenyeji wetu makatoni kwa mkokoteni, na mfagizi akabaki akitafuta pa kukalia.

Walikuja na mifuko, kama alivyohofia. Lakini walikuja na vyao pia, na kila kilichotoka kilionekana kilikokwenda, na aliyechelewa kurudisha alikumbushwa mbele ya wenzake. Hatukuacha kukosa dawa. Lori lingali likichelewa, na bado kuna asubuhi ninasema "hakuna." Tofauti ni kwamba siku hizi naongeza, "ngoja nikuulizie," na nikiuliza, mara nyingi kuna mtu ananijibu.

Fundi wa akala alirudia vidonge vyake. Kwa muda mkewe aliendelea kumwekea kile kisu, akimpa asubuhi na kukaa naye karibu, mpaka siku moja akasahau kukidai. Baadaye fundi mwenyewe alianza kuja dirishani. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yake. Alinisalimia, akaniuliza navaa namba ngapi, nikamwambia hatuchukui zawadi, akasema basi atamuuzia Sista.

Sista alistaafu. Siku yake ya mwisho watu wa jukwaa walifungua kamera wote, na kwa mara ya kwanza ile sauti nzito ya Industrial Area ikasikika kikaoni, ikimshukuru. Waliokuwa wapya waliulizana huyo ni nani. Taratibu zilitaka Sista aondolewe kwenye jukwaa, na aliponipigia kutoka kwao alilalamika kwamba hakutendewa haki. Nilidhani ni utani.

Juzi alinipigia tena. Zahanati ya kijijini kwao ina stoo iliyojaa kitu kimoja na rafu tupu za kingine, na nesi wake ni msichana mgeni anayeogopa kuonyesha alicho nacho. Mfamasia wa huko anafikiria kuanzisha jukwaa kama letu.

"Huyu msichana nimeshakaa naye," Sista aliniambia. "Anauliza waanze na upande upi."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia atengeneze chai, tuhesabu stoo yake kwanza. Tunaenda kesho."