Mlango wa Kijana wa Malindi

Tulikuwepo watano katika nyumba moja ya mtaa wa Malindi, mjini, miaka michache kabla ya Vita vya Mjarumani: askari, baba mwenye nyumba, mkewe nyuma ya pazia, mwana wao wa miaka kumi na sita, na mimi, jirani niliyeitwa kushuhudia. Saa ya mfukoni ya tajiri mmoja ilikuwa imeibiwa, na kijana akashukiwa.

"Sheikh, waturuhusu tupekue chumba cha mwanao?"

"Nyumba yangu. Ingieni, hana cha kuficha."

"Si umuulize mwenyewe?" alisema mama. "Keshabaleghe. Hata wewe humpigia hodi."

"Leo si siku ya hodi, bibi wee."

Akausukuma mlango. Askari alipindua godoro, akamwaga sanduku, saa asiione.

"Nlikwambieni!" baba alicheka.

Kijana aliokota kanzu zake moja moja. "Baba, hata hodi?"

Wiki ile akahamia shamba, Chwaka, kwa mjomba wake, asirudi tena. Baba alitaka kumsafisha jina, na alimsafisha. Mimi nilitia saini kwamba ruhusa imetolewa, na mpaka leo sijui ilikuwa ya nani kuitoa.

Kijana yule, mzee sasa, amefariki Jumanne iliyopita, huko huko Chwaka.