Kaka aligoma kununua urea, akisubiri mbolea ya hewa ya binti yake

Wakuu, salaam.

Hili sikusimuliwa. Limetokea nyumbani kwetu Miono msimu uliopita, nikiwa hapo hapo, na bado linaniuma.

Mimi ni mtu wa kutangatanga. Nilimaliza kidato cha nne nikaondoka. Saadani, Ubena, Tanga, kote nimelala. Nimerudi kwa kaka yangu Shabani, mkulima wa mahindi, nikiwa na mvi na begi moja.

Binti yake, Zuhura, anasomea kemia chuo kikuu. Sikukuu ya Idi alikuja nyumbani. Tukiwa kwenye pilau, baba yake akamuuliza huko chuoni anafanya nini hasa.

Akaeleza vizuri tu. Hewa imejaa naitrojeni, lakini imeshikana mno, mahindi hayawezi kuitumia. Viwandani huivunja kwa moto na mgandamizo mkubwa ipatikane amonia, na amonia ndiyo huzaa urea. Wao huko chuoni wanaunda molekuli zenye metali katikati. Ile metali inaikamata naitrojeni na kuilegeza mpaka igeuke amonia bila moto ule.

"Kwa hiyo mbolea inatoka hewani?"

"Ndiyo baba, ila bado ni mambo ya maabara. Tunapata kidogo sana, na zile molekuli, yaani kichocheo chenyewe, zinakufa mapema."

Kaka alisikia ile "ndiyo" tu.

Ijumaa baada ya swala akatangaza barazani: binti yangu anatengeneza mbolea ya hewa, urea sinunui tena. Na uwezo alikuwa nao, wakuu.

Mahindi yalipofika magotini, majirani wakaweka mbolea ya kukuzia. Ya kwetu yakaanza umanjano kwenye majani ya chini.

"Shabani, fungua madirisha ya shamba, hewa haiingii!"

Kadiri walivyomtania, ndivyo alivyokaza.

Nikamfuata. "Kaka, tuweke urea, hatujachelewa. Zuhura mwenyewe kasema bado."

"Wewe umelima wapi? Miaka yote hupo, leo unifundishe shamba la baba?"

Nikachukua jembe, nikarudi kupalilia.

Hapo ndipo ninapojutia. Kemia ya kidato cha nne ilinitosha kuona kosa. Ila nimezurura mpaka neno langu halina uzito kwetu.

Tulivuna magunzi.

Zuhura akapiga simu. "Shikamoo baba. Mahindi vipi mwaka huu?"

"Marahaba. Yamekaa vizuri mwanangu. Wewe soma."

Kaka akakata simu, akanigeukia: "Usimwambie. Ataona aibu, ataacha masomo."

Nilichojifunza: kitu kikifanikiwa ndani ya chupa, shambani bado hakijafika, tena mwenye kukitengeneza ndiye wa kwanza kukwambia. Na uliye mbali, rudi nyumbani wakati bado wanakusikiliza.

Sasa masika inakaribia na kaka hajanunua hata kilo. Zuhura akisema atamsikiliza, mimi hanisikilizi. Lakini nikimwambia Zuhura, nimemvunjia kaka siri pekee aliyowahi kunikabidhi tangu nirudi.

Ninyi mngefanyaje?