Likizo ya Naro Moru, talk ya Nanyuki, na ndugu yangu aliyepaswa kuongea

Tarehe kumi na tisa Aprili tulimzika ndugu yangu Muriithi. Alikuwa mkubwa wangu, na ndiye aliyekuwa mtu wa kuongea kwa nyumba yetu.

Wakuu, salamu kwenu nyote. Miaka yote nimekuwa msomaji tu hapa, nyuzi za wengine nazisoma na kuondoka bila hata like. Huu ni wangu wa kwanza. Nitaandika vile ilikuwa, bila kuongeza chumvi.

Siandiki kutafuta pole. Pole nimepewa za kutosha. Naandika kwa sababu kuna watu sikuwashukuru vizuri siku ile, na pengine mmoja wao yuko hapa ndani.

Kwanza mnijue kidogo.

Natengeneza simu mjini Chaka. Shule niliishia Form Four, na matokeo yalikuwa ya kuweka kwa droo. Programming nilijifunza polepole kwa laptop moja ya zamani ambayo mwenyewe aliileta ikiwa mbovu na hakurudi kuichukua.

Muriithi alikuwa mnunuzi wa viazi. Alizunguka Kieni yote akinunua kwa wakulima na kupakia lori. Shida yake ilikuwa moja: lori linafika kwa mtu ambaye hajachimba, na aliyechimba viazi vyake vinakaa kwa jua.

Akaja na wazo. Mkulima atume ujumbe kwa simu ya kawaida, aseme yuko wapi na ana gunia ngapi, kisha programu ipange njia ya lori.

Wazo lilikuwa lake. Kuandika code nikaandika mimi. Watu walipotaka kuelezwa, yeye ndiye alieleza. Mimi nilisimama nyuma na kutingisha kichwa.

Mwaka huo, kabla ya kufariki, aliona kuna mkutano wa programmers utafanyika Nanyuki mwezi wa nane. Akatuandikisha sisi wawili tukatoe talk, na wakatukubali.

Sasa, nyumbani hatujawahi kwenda likizo. Likizo kwetu ni watoto kufunga shule na kusaidia shambani. Lakini Muriithi alikuwa amewaahidi watoto, wake na wangu, kwamba watalala kando ya mto Naro Moru na kuamka wakiona mlima. Akapanga vyote viwili kwa wiki moja. Alisema, "Tukishafika Naro Moru, Nanyuki ni hapo tu. Natoroka asubuhi, naongea, narudi kabla nyama haijaiva."

Hiyo ndiyo ilikuwa plan. Halafu ikafika Aprili.

Julai niliwaandikia wale wa mkutano kwamba tunajiondoa. Niliwaeleza ukweli, kwamba aliyekuwa aongee hayupo, na mimi siwezi.

Dada mmoja kati ya waandalizi akanijibu kwa upole. Alisema nafasi yetu hataipa mtu mwingine. Kama nitakuja nije, kama sitakuja wataketi tu wanywe chai dakika hizo. Dada, kama unasoma hapa, barua ile niliisoma mara nyingi sana.

Likizo yenyewe nilitaka pia tuiache. Mke wa marehemu, Nyakio, ndiye alikataa.

"Watoto waliambiwa," akasema. "Sitawaambia kitu kingine kimekufa."

Kwa hiyo tukaenda. Mama, mke wangu Wambui, Nyakio, watoto wote, na sufuria ambazo zingetosha harusi.

Siku ya pili pale Naro Moru, tukiwa tunakunywa chai nje, Nyakio akaniuliza talk ni lini. Nikasema ni kesho, lakini siendi.

Wambui akasema, "Amekuwa akifanya mazoezi kwa choo. Mimi namsikia."

"Sijafanya mazoezi," nikasema.

"Basi kuna mwanaume mwingine kwa choo anaongea mambo ya server."

Nyakio akacheka. Wakuu, sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumzike mumewe.

Mama alikuwa akimenya ndizi ya mtoto. Akauliza, "Hapo mahali huwa wanaenda watu wangapi?"

"Wengi, Mama."

"Na wewe ungeenda peke yako?"

"Ndio. Huwa mtu anaenda peke yake."

Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa upuuzi. Kwetu kijana hatumwi kwa watu wageni peke yake kuongea jambo kubwa. Hata tukienda kuomba msichana, tunaenda na watu na msemaji. "Tutaenda sisi wote," akasema.

Nikamwambia kunahitajika tiketi.

"Tiketi ya nini? Mtoto wangu akiongea, mimi nalipia kusikia? Si nimemsikia bure miaka yote."

"Mama, huyu haongei," Wambui akasema.

"Ndio nasema ilikuwa bure."

Kesho yake tukafika Nanyuki kwenye hoteli, familia nzima, Mama na kitambaa chake cha kanisa, Nyakio na thermos mbili. Askari wa mlangoni alikuwa na orodha ya majina, na majina yetu yaliyokuwa hapo ni langu na la Muriithi tu. Akatuangalia. Akamwangalia Mama. Akauliza, "Hawa wote ni speakers?"

Mama akamjibu, "Speaker ni huyu. Sisi ni watu wake."

Askari akafungua. Huyo naye namshukuru. Angeweza kutuzuia na angekuwa na haki.

Waliketi safu ya nyuma. Zamu yangu ikafika, nikaitwa, nikapanda. Slides zikawaka ukutani, na chini yake majina yetu mawili.

Nikafungua mdomo na hakuna kitu kilitoka.

Sijui ilikuwa muda gani. Niliona watu wakianza kuangalia simu zao, ile ya kumsitiri mtu. Nilikuwa nimeamua kushuka.

Mama akasimama kule nyuma.

"Samahani, mwalimu," akamwambia yule dada mwandalizi. "Mimi ni mama yake. Huyu si mtu wa kuongea. Wa kuongea alikuwa mkubwa wake, na tulimzika mwezi wa nne. Hii kazi waliifanya wawili. Naomba mumpatie muda, ataongea. Na kama ataongea vibaya, mnivumilie mimi, si yeye."

Akaketi. Hakuna aliyecheka. Jamaa mmoja wa mbele akafunga laptop yake na kunikazia macho kama mtu anayesubiri rafiki amalize kuvaa viatu.

Nikaacha ile karatasi niliyokuwa nayo, ambayo Muriithi aliandika talk yetu, kwa sababu yalikuwa maneno yake na hayakunikaa mdomoni. Nikasema kitu cha kwanza nilichoona mbele yangu.

"Yule ni mama. Tukiwa wadogo alikuwa akituita chakula mara tatu. Lakini alikuwa amepika mara moja."

Wakacheka, nami nikaendelea. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yetu kubwa kwa programu. Kule Kieni network hupotea. Mkulima anatuma gunia sita, hapati jibu, anatuma tena, na lori linaenda kutafuta gunia kumi na mbili. Kwa hiyo nikaeleza vile tulifundisha programu kujua kwamba kuitwa tena si chakula kingine. Nikaonyesha code. Nikasema na mahali tulikosea.

Mwishoni mwalimu mmoja wa kompyuta, mtu wa magharibi mwa Kenya lakini anafundisha Wang'uru, akainua mkono. "Na kama mtoto amesikia mama akiita, lakini ananyamaza makusudi?"

Alimaanisha simu iliyopokea ujumbe na haijibu. Nikamwambia ukweli: "Hiyo hatujaweza kurekebisha. Hata nyumbani."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Mama akageuka akawaangalia watoto mmoja mmoja.

Muda wangu ulipita na yule dada hakunikatiza. Nikamaliza kwa kutaja jina la ndugu yangu. Watu wakasimama. Sikulia pale. Nililia kwa gari, na Nyakio alinipa chai.

Nilichojifunza si kikubwa, wakuu. Nilifikiri kazi na familia ni vitu vya kutenganisha, huku saa za likizo, kule saa za talk. Muriithi alivipanga pamoja na nilimwona mtu wa haraka tu. Kumbe singeweza ile talk bila likizo. Kama kuna aliyebaki na kazi ambayo mwenzake alipaswa kuimaliza, aandike hapa chini alifanyaje. Nitasoma zote, na safari hii nitajibu.

Tulirudi Naro Moru jioni. Mama akasema, "Sasa tuelezee sisi. Kule sikuelewa kitu."

Nikaeleza yote upya kwa Kikuyu, kutoka viazi hadi network. Nyakio alinikatiza kila mara: "Hapana, hiyo ilikuwa ya Muriithi, si yako." Nikarekebisha.

Mama akauliza kama lori bado linajua njia. Nikasema linajua, dereva wake bado anazunguka Kieni. Akataka kuona. Nikampa simu, nikamwonyesha pa kuandika, akaandika kwake nyumbani, gunia moja, akatuma. Jibu likachelewa, akatuma tena bila kuniuliza. Baadaye jibu likaja. Programu ilikuwa imeandika gunia moja.

Nilisahau kulifuta hilo gunia.

Jumatatu, tukiwa tumesharudi nyumbani, lori lilifika kwa Mama. Hakuwa na kiazi hata kimoja. Alimkalisha dereva, akampikia, wakaongea habari za Muriithi, kisha akamkatia kabichi za kutosha asiondoke mikono mitupu.

Dereva akanipigia akiwa barabarani. "Boss, mama yako amesema nipitie tena wiki ijayo. Sasa naandika gunia ngapi?"

Nikamwambia asiandike kitu, apitie tu.